Mirija ya Kaboni, na Namna Inavyovishwa Ili Ibebe Dawa

Wasomaji wa gazeti letu, katika masomo ya Kemia twafundishwa ya kuwa kaboni ni moja, bali sura zake ni nyingi. Mkaa tununuao kwa gunia ni kaboni kwa sehemu kubwa. Masizi yaliyoshika dari za majiko yetu ni kaboni. Risasi ya penseli ina kaboni, na almasi ya Mwadui ni kaboni tupu. Tofauti yao haitoki katika atomi zenyewe, ila katika namna zilivyopangwa. Leo nataka kueleza habari za sura nyingine ya kaboni, ambayo wengi wetu tumeisikia kwa jina tu, nayo ni mirija ya kaboni. Na hasa nieleze kwa nini wataalamu hujisumbua kuivisha vitu vingine kabla ya kuthubutu kusema kwamba yaweza kubeba dawa katika mwili wa mtu.

Yeyote aliyewahi kulina asali katika miombo ya Kibondo ajua sega lilivyo: vijumba vyenye pembe sita, vimepangana bila kuacha nafasi hata kidogo. Atomi za kaboni katika grafiti, ambayo ndiyo risasi ya penseli, zimepangwa hivyo hivyo, kila atomi ikishikana na jirani zake tatu, nazo hufanya karatasi nyembamba mno yenye unene wa atomi moja. Sasa fikiri umechukua karatasi moja ya namna hiyo, ukaikunja kama mtu akunjavyo mkeka, mpaka ukingo ukakutana na ukingo na kushikamana. Umepata mrija wa kaboni wenye ukuta mmoja. Mikeka mingi ikikunjwa mmoja ndani ya mwingine, huo ni mrija wa kuta nyingi. Lakini kwa kweli hapana mtu aikunjaye mirija hii. Huota yenyewe, hewa yenye kaboni inapopitishwa juu ya chembe ndogo za chuma katika joto la nyuzi 600 mpaka 1,000 hivi.

Aliyeitangaza mirija hiyo hata dunia ikasikia ni Sumio Iijima wa Japani, mwaka 1991. Huko Urusi wataalamu wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamekwisha kuchapisha picha za mirija ya kaboni mwaka 1952, ila waliandika kwa Kirusi na watu wa nje hawakuwasoma. Mirija ya ukuta mmoja ilitangazwa mwaka 1993.

Wembamba wake ni wa ajabu. Nanometa ni mita moja iliyogawanywa mara milioni elfu. Mrija wa ukuta mmoja una upana wa nanometa 1 au 2. Mirija yenye upana wa nanometa 1 ikilazwa ubavu kwa ubavu, yatakiwa kama 80,000 ili kufikia upana wa unywele mmoja. Lakini urefu wake waweza kuwa mara 10,000 ya upana. Kama ungekuwa unyasi wenye upana wa milimeta 5, urefu wake ungefika mita 50. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili la urefu, maana litarudi mbele nalo si jambo jema.

Je, kwa nini matabibu wakautamani? Kwanza, kwa ajili ya uso wake. Gramu moja ya mirija ya ukuta mmoja, kama kila mrija ungetengwa peke yake, ingekuwa na uso wa nje upitao mita za mraba 1,000, yaani zaidi ya viwanja 6 vya mpira wa wavu. Juu ya uso mpana namna hiyo molekuli nyingi za dawa zaweza kupandishwa. Pili, mwaka 2004 wataalamu wa Ulaya walionyesha ya kuwa mirija iliyotayarishwa vizuri huweza kuingia ndani ya chembehai za mwili. Basi watu wakaona hapa pana mtumbwi mwembamba wa kuvukia mto.

Shida ni kwamba mtumbwi huu haukubali maji.

Damu yetu kwa sehemu kubwa ni maji. Kitu kisichopatana na maji hakisafiri salama katika damu, ila hujikusanya na kuwa mabonge, na bonge katika mshipa mwembamba wa pafu ni hatari. Mirija ya kaboni huyakataa maji kama nta ya nyuki, na mabaya zaidi, mrija na mrija hupendana sana. Ubavu wake mrefu hugusana na ubavu wa mwenzake, nayo hufungana matita kama kuni. Ukiitia katika maji na kuitikisa kutwa nzima, utapata matita yale yale chini ya chupa.

Mwanafunzi aweza kuliona jambo hili pasipo kuwa na mrija hata mmoja. Washa kibatari, ushike kigae juu ya ulimi wa moto mpaka kijae masizi. Kwangua masizi hayo, uyagawe katika glasi mbili za maji. Maji ya mvua yafaa zaidi, kwa kuwa maji mazito ya kisima huiharibu sabuni. Katika glasi ya pili tia matone machache ya maji ya sabuni. Tikisa zote mbili. Katika ya kwanza masizi yataelea juu na kushika kingo kwa mabonge. Katika ya pili maji yatakuwa meusi sawasawa kama wino, na yatakaa hivyo kwa muda mrefu. Masizi si mirija, lakini tabia yake mbele ya maji ni ile ile.

Sabuni imefanya nini? Hapa sisi watu wa mkoa huu hatuna haja ya kwenda mbali, maana sabuni ya mawese imepikwa Kigoma kwa miaka mingi. Mpishi huchanganya mafuta ya mawese na magadi makali, nayo mafuta hugawanyika na kuwa molekuli ndefu zenye mkia na kichwa. Mkia ni wa asili ya mafuta, nao hukimbia maji. Kichwa kina chaji ya umeme, nacho hupenda maji. Mkia hujibandika juu ya masizi, na kichwa hutazama nje. Kwa hiyo chembe ya masizi huwa imevaa kanzu ya vichwa vinavyopenda maji, na maji huipokea.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kuivisha mirija: kuipaka kitu chenye mkia na kichwa, bila kuiunganisha kikemia. Wataalamu hawatumii sabuni yenyewe, kwa sababu sabuni hupasua chembe za damu. Hutumia mafuta ya jamii ya yale yaliyo katika ngozi za chembehai zetu, nao huyafunga minyororo mirefu ya polietilini glikoli, ambayo hupatana na maji sana na kuificha mirija isitambuliwe upesi na walinzi wa mwili. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifunga dawa ya saratani iitwayo paklitakseli katika minyororo ya namna hiyo juu ya mirija, wakawachoma panya wenye uvimbe. Dawa iliyobebwa na mirija ilizuia uvimbe kuliko dawa ile ile ikitolewa kwa njia ya kawaida. Ubaya wa njia hii ya kupaka ni ule ule wa nguo isiyoshonwa: katika damu, yenye protini nyingi zinazosukumana, vazi laweza kuteleza.

Njia ya pili ni kushona vazi lenyewe katika mwili wa mrija. Mirija hutiwa katika mchanganyiko wa asidi nitriki na asidi sulfuriki iliyo kali, ikachemshwa au kutikiswa kwa saa nyingi. Asidi hizi huushambulia mrija mahali palipo dhaifu, yaani kwenye ncha zake, na kila mahali ambapo sega lina kasoro. Hapo atomi za oksijeni hujishika, na makundi yaitwayo kaboksili, –COOH, huota. Katika maji kundi hilo huachia haidrojeni yake na kubaki na chaji hasi. Mirija yote sasa ina chaji ya namna moja, basi husukumana kama ncha mbili za sumaku zilizo sawa, na tita hufunguka. Asidi hufanya na kazi nyingine mbili: huyeyusha chembe za chuma zilizosalia tangu mirija ilipoota, tena huikata mirija ikawa mifupi. Lakini fundi asipoangalia saa, asidi itakula sega zima, na atakachobaki nacho si mrija tena. (Wanafunzi wasijaribu jambo hili. Asidi hizo mbili zikichanganywa huunguza vibaya, na moshi wake huharibu mapafu.)

Iko na namna ya upole zaidi, iliyotangazwa mwaka 2002 na Maurizio Prato na wenzake wa Trieste, Italia. Wao huchukua asidi ya amino na aldehidi, huzipasha moto pamoja na mirija, na pete ndogo zenye naitrojeni hujishika ubavuni mwa mrija bila kuubomoa.

Kundi likiisha kushika, huwa kama mpini wa jembe: waweza kufunga utakacho. Mwaka 2005 wataalamu wa Ulaya walifunga juu ya mirija dawa iitwayo amfoterisini B, ambayo hata hapa Tanzania hutumiwa kwa homa ya uti wa mgongo iletwayo na ukungu. Dawa hiyo ni kali kwa figo, nayo huyeyuka kwa shida katika maji. Ilipofungwa juu ya mirija iliendelea kuua ukungu, lakini sumu yake kwa chembehai za wanyama ikapungua. Jambo hilo lilionekana katika vyombo vya maabara, si katika wagonjwa.

Labda mzazi asomaye atauliza: mambo haya ya Stanford na Trieste yatuhusu nini sisi wa Kasulu? Yatuhusu, maana kazi hii ya kuvisha kitu vazi la maji imekwisha kuokoa watoto wa hapa, ijapokuwa si kwa mirija.

Malaria haijatuacha. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2017, Mkoa wa Kigoma ulikuwa mbele ya mikoa yote ya Bara, watoto wadogo wapatao 24 katika kila 100 wakikutwa na vimelea. Mtoto mwenye malaria kali hatapiki tu. Hupoteza fahamu wala hawezi kumeza. Dawa bora iliyopatikana katika karne iliyopita ni artemisinini, iliyotolewa na mama mmoja Mchina, Tu Youyou, na wenzake mwaka 1972 katika mmea wa jamaa ya pakanga, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini artemisinini haiyeyuki vema katika maji wala katika mafuta. Wanakemia walifanya nini? Waliigeuza kidogo, kisha wakaishonea kipande chenye kundi la kaboksili, kundi lile lile tulilolitaja juu ya mirija, na matokeo yake ni artesuneti.

Muuguzi wodini huchukua kichupa chenye unga wa artesuneti miligramu 60, hutia mililita 1 ya maji ya baikaboneti ya sodiamu, hutikisa, na mapovu ya hewa ya ukaa hutoka. Mapovu hayo ni Kemia yetu ya darasani: asidi na kaboneti. Kaboksili imeachia haidrojeni yake, unga umekuwa chumvi, na chumvi imeyeyuka. Dawa hiyo huongezwa maji ya dripu ikachomwa, wala haingojwi zaidi ya saa moja. Ndani ya damu kipande kile kilichoshonwa huanguka, na dawa yenyewe hubaki kufanya kazi. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ukatangazwa mwaka 2010, ulihesabu watoto 5,425. Kati ya waliopewa kwinini walikufa 10.9 katika kila 100. Kati ya waliopewa artesuneti, 8.5. Ni tofauti ya mtoto mmoja katika kila watoto 40 hivi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya la Dunia likaagiza itumike kwa watoto wa Afrika.

Mfano wa pili ni mchungu. Wazee wa Kibondo na Kasulu waijua malale. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Uha, ikawakusanya katika makazi yaliyofyekwa msitu ili kuwatenga na mbung'o. Vimelea vya malale huanza katika damu, kisha huingia katika ubongo, nao ubongo una boma lake lisilopitisha dawa nyingi. Tangu mwaka 1949 dawa iliyoweza kupita ilikuwa melasoproli, ambayo ndani yake mna aseniki, sumu ijulikanayo tangu kale. Mvumbuzi wake, Ernst Friedheim, aliivisha aseniki hiyo molekuli nyingine ili ukali wake upungue. Lakini vazi hilo halikuwa la maji. Dawa ilibidi iyeyushwe katika propilini glikoli, nayo iliunguza mishipa ya mgonjwa ilipochomwa. Tena wagonjwa wapatao 5 katika kila 100 waliuawa na dawa yenyewe. Hata hivyo ilitumika miaka mingi, kwa sababu kwa malale ya mashariki mwa Afrika iliyokwisha kufika ubongoni hapakuwa na nyingine. Ilikuwa mwezi wa Juni mwaka 2024 ndipo Shirika la Afya la Dunia lilipoagiza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya namna yetu, baada ya kujaribiwa Malawi na Uganda. Mgonjwa humeza kwa siku 10, pamoja na chakula.

Nimeileta habari ya melasoproli ili msomaji aone ya kuwa kuvisha peke yake hakutoshi. Na mirija ya kaboni ina hatari yake yenyewe, ambayo ni ule urefu.

Ndani ya miili yetu wako walinzi, chembehai nyeupe zinazomeza kila kigeni. Mlinzi akikutana na uzi mrefu na mgumu kumpita yeye mwenyewe, hufanya kama mtu ajaribuye kumeza muwa mzima. Hushindwa, humwaga sumu zake ovyo, na nyama iliyo karibu huumia. Hivyo ndivyo asbestosi, iliyotumiwa katika mapaa ya majengo ya zamani, ilivyoleta saratani ya utando wa mapafu. Mwaka 2008 wataalamu wa Edinburgh walitia mirija ya kuta nyingi katika matumbo ya panya. Mirija mirefu ilileta uvimbe na makovu kama asbestosi. Mifupi na iliyojikunja haikuleta. Mwaka 2014 jopo la wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikutana Lyon, nalo likaihesabu aina moja ya mirija ya kuta nyingi kuwa huenda yaleta saratani kwa watu. Kwa aina nyingine ushahidi ulikuwa haujatosha.

Hapa ndipo vazi linapoonyesha kazi yake nyingine. Mwaka 2013 ilitangazwa ya kuwa mirija mirefu, ile ile iliyodhuru panya, ikivishwa minyororo ipendayo maji kwa njia ya Prato, haidhuru kama asbestosi tena, kwa sababu matita hufunguka na urefu wake hupungua. Lakini mirija iliyovishwa minyororo ya asili ya mafuta iliendelea kudhuru vile vile. Kwa hiyo haitoshi mtu kusema mirija yake "imevishwa". Aulizwe imevishwa nini.

Je, huenda wapi baada ya kazi? Mwaka 2006 ilionekana katika panya kwamba mirija iliyovishwa vema hutoka kwa mkojo, nusu yake ikiacha damu katika muda wa saa 3 hivi. Mwaka 2010 wengine walionyesha ya kuwa kimeng'enya kimoja cha chembe nyeupe za damu huweza kuivunjavunja mirija yenye kaboksili. Hizo ni habari njema. Lakini katika majaribio mengine mirija ilikutwa katika maini na mabandama ya panya baada ya miezi, na mtu haishi miaka miwili kama panya.

Kwa hiyo mpaka sasa hakuna dawa ya mirija ya kaboni iliyopewa ruhusa kutibu watu. Vibebeo vingine vimeitangulia, hasa vipovu vya mafuta, ambavyo ndivyo vilivyobeba baadhi ya chanjo za korona tangu mwaka 2020. Navyo vilitangulia kwa sababu mwili wajua namna ya kuvila. Mtu akija mnadani kuuza vidonge au maji yenye "mirija ya kaboni" au "nano" yoyote kwa kutibu kisukari au nguvu za mwili, wazazi wakae na fedha zao.

Kwa wanafunzi watakao kufanya jaribio la masizi, glasi na sabuni zipo maabara. Kila mmoja aje na kigae chake, na glasi mbili zisimwagwe siku hiyo. Ziachwe juu ya meza mpaka asubuhi, kisha apime kwa rula maji meusi yameshuka kiasi gani.